Bei ya Geti

Mwaka niliomaliza chuo nilipata kazi ya mwezi mmoja, kuwauliza watu wa mjengo wanalipwa ngapi. Si mafundi. Ni watu wa mkono, wale wanaochanganya simiti, wanaopandisha mawe begani na kumfikishia fundi karai kabla hajaliita. Ofisi iliyotuajiri ilikuwa vyumba viwili juu ya duka la vipuri, na wateja wake walikuwa watu wa kukadiria gharama za majengo. Walitaka kujua mtu wa mkono analipwa ngapi mtaa kwa mtaa, kisha kaunti kwa kaunti, ili mtu akitaka kujenga popote ajue siku ya mgongo wa mtu huko inauzwa pesa ngapi. Kundi letu la watu wanne lilipewa Kibera na Kawangware.

Siku ya mafunzo niliuliza kwa nini karai moja, uzito mmoja, juu ya ngazi ya aina moja, liwe na bei mbili kwa sababu tu mtu amevuka barabara. Mkuu wa kundi letu, mwanamke mpole aliyefanya kazi hiyo kwa miaka mingi, alijibu kwamba soko ndilo linaloamua.

"Soko lipi?" nikauliza. "La mitumba la Toi?"

Wenzangu walicheka na mimi nikajiona mwerevu. Ndivyo nilivyokuwa. Mama alikuwa na msemo wake kwamba nikipewa chai nitauliza kwanza maji yalichemshwa na nani. Niliuliza kila kitu. Lakini sikuwahi kujiuliza kwa nini, wenzangu waliponiuliza ninakaa wapi, nilijibu kwamba nakaa karibu na Ngong Road. Haukuwa uongo kamili. Kutoka chumba chetu Kibera, ukipita katikati ya mitumba ya Toi, unatokea Ngong Road kwa dakika kumi. Nilichagua tu mahali pa kukomesha jibu.

Sikuwaambia pia kwamba nilimjua mtu wa mkono kabla ya mafunzo. Mjomba wangu, kaka yake mama, alikuwa mtu wa mkono Kawangware tangu mimi ni mtoto. Ndiye aliyenilipia karo ya sekondari. Nilipokwenda chuoni alininunulia godoro, akalibeba kichwani mwenyewe kutoka Kawangware hadi Kibera kwa sababu wa mkokoteni alitaka pesa nyingi. Nilimwita anko. Yeye aliniita "bwana mkubwa" tangu nilipokuwa darasa la tatu, na hakuwa ananidhihaki.

Juma la kwanza tulifanya kazi upande wa Kibera, kwenye magorofa yanayojengwa kando ya Ngong Road. Huko ndiko nilikojifunza mambo ya geti. Asubuhi, kabla geti la mabati halijafunguliwa, vibarua husimama nje kwa kundi. Mmoja wao huwa ndiye mdomo. Msimamizi wa mjengo akitoka, ni mdomo peke yake anayetaja bei, na bei hiyo ndiyo ya wote siku hiyo, mwenye nguvu na asiye na nguvu. Mtu mgeni akija huulizwa swali moja tu: "Nani anakujua hapa?" Mtu wa mjengo akisema "mimi", mgeni anaingia kundini. Kukiwa kimya, anaondoka, na hakuna anayemtukana. Na kosa moja halisameheki hata kidogo, nalo ni kushuka. Mtu akijificha na kumwambia msimamizi kwamba yeye atafanya kwa bei ya chini, anakuwa amewashusha wote.

Upande huo bei ya geti ilikuwa mia saba. Juma lililofuata tulihamia Kawangware, ambako kila mtu alituambia mia sita. Niliwauliza tofauti inatoka wapi. Wengine walisema huku wenye nyumba ni watu wadogo wanaojenga vyumba vya kupangisha, hawana pesa za matajiri wa Ngong Road. Wengine walisema kila basi la kutoka Magharibi linashusha mtu anayehitaji kazi kesho. Mmoja alinitazama akasema, "Boss, hapa unatoka kwa nyumba unaingia mjengo. Huko unatembea. Hiyo mia moja ni ya viatu."

Nililiandika jibu hilo lakini sikuliamini. Wala sikuamini ile mia sita. Tulifika kwenye jengo moja la Gatina, humo humo Kawangware, gorofa ya pili ikisubiri kumwagwa zege. Nilikuwa nimeambiwa kwamba siku hiyo nitawahoji watu kumi na wawili. Nilipata kumi na mmoja, na wote kumi na mmoja walisema mia sita, bila kufikiri, kama watoto wanaosoma ubaoni. Chuoni tulifundishwa kwamba namba zinazofanana sana zimepikwa. Nikaamua kwamba huyu wa kumi na mbili nitambana mpaka aseme kweli.

Wa kumi na mbili alitoka nyuma ya jengo na ndoo ya maji mkononi. Alikuwa mjomba wangu.

Sikujua kwamba alikuwa anafanya kazi hapo. Kwa vibarua jengo hubadilika kila baada ya miezi michache. Mkuu wetu alikuwa amesimama hatua tatu nyuma yangu, na asubuhi hiyo hiyo, kama kila asubuhi, alikuwa ametuuliza kama kuna yeyote mwenye ndugu au jirani kwenye jengo. Sheria ilikuwa kwamba ndugu hahojiwi na ndugu. Ningeinua tu mkono mwenzangu angenipokea. Lakini ningesemaje? Huyu mzee wa gambuti zilizopasuka, mwenye simiti hadi kwenye nyusi, ni anko yangu? Halafu wangeniuliza anakaa wapi, na mimi nakaa wapi, na Ngong Road yangu ingeishia hapo.

Aliniona. Alianza kutabasamu na kuinua mkono. Mimi nikainamia tableti kama mtu anayetafuta kitu. Nilipoinua macho, mkono ule alikuwa ameushusha na anaufuta kwenye suruali, kana kwamba ndiyo sababu aliuinua.

"Jina si lazima," nilisema. "Una umri gani?"

"Hamsini na nne."

"Umesoma hadi wapi?"

"La saba."

"Watu wangapi wanakutegemea?"

Alifikiri. "Kuna mmoja nilikuwa nasomesha. Huyo amemaliza, mtoe. Andika hakuna."

Kijana mmoja aliyekuwa akichanganya mchanga kando yetu aliegemea sepeto lake akatucheki mmoja mmoja. "Maze, nyinyi wawili mna pua moja. Mnajuana?"

"Hapana," nilisema. Nilisema haraka kuliko alivyouliza.

 Mjomba alikuwa anatazama maji ya ndoo.

"Unalipwa pesa ngapi kwa siku?"

"Andika hiyo ya wenzangu."

"Nataka yako, si ya wenzako."

"Yangu ni hiyo ya wenzangu."

"Mzee," nilisema. Sijawahi kumwita mzee maishani mwangu. "Hapa hakuna siri. Namba isipokuwa ya kweli, kazi yangu haina maana yoyote."

Alinitazama kwa macho yale aliyokuwa akinitazama nayo nilipompelekea ripoti ya shule. Kisha akauliza kwa sauti ya chini, "Ndiyo kazi yenyewe ilivyo? Wanakupima kwa ukweli?"

"Ndiyo."

"Basi andika mia nne hamsini."

Tulifundishwa kurudia kila jibu kwa sauti ili mhojiwa athibitishe. Nilikuwa nimerudia majibu yote kumi na moja kabla yake. Ningeweza kuliruka hilo moja. Badala yake nilifurahi, lazima niseme hivyo, nilifurahi kwa sababu nilikuwa nimegundua kwamba ile mia sita haikuwa ya kila mtu, na nikarudia kwa sauti ya mtu aliyeshinda: "Mia nne na hamsini. Kwa siku."

Sepeto la yule kijana lilisimama. Na la mwenzake.

"Ati ngapi?"

"Nne hamsini," mwingine akamjibu kutoka juu ya rundo la kokoto. "Kumbe mzee wetu ana duka la jumla."

"Mzee, umetushukia tangu lini?"

"Mwachie. Si ndiyo maana kila siku anamwagia kuta maji na sisi tunabeba mawe."

Walicheka, lakini ni kicheko cha kuanzia kitu. Mjomba alichukua ndoo yake akaenda kuzimwagia kuta maji. Hapo ndipo nilipoona kwamba anauvuta mguu wa kulia. Baadaye mama aliniambia kuhusu goti. Lilianza mwaka wangu wa mwisho chuoni. Alishindwa kupanda ngazi na karai, akaenda kwa msimamizi akaomba kazi ya chini: kumwagia kuta maji zisipasuke, kulinda stoo ya simiti. Msimamizi alikubali na akakata mia moja hamsini. Walikubaliana wawili tu. Asubuhi alisimama getini na wengine, mdomo akataja mia sita, naye akaitikia kwa kichwa pamoja nao. Mama alijua yote hayo. Mimi, niliyeuliza kila kitu, sikuwahi kuuliza.

Siku mbili baadaye tulirudi Gatina kuwahoji wasimamizi. Ilikuwa siku ya kumwaga zege. Siku hiyo hakuna kazi ya chini. Kila mtu anapanga mstari kuanzia kwenye mchanganyiko hadi juu, wengine chini, wengine kwenye ngazi ya mbao, na karai linapita mkono kwa mkono bila kusimama, kwa sababu zege halingoji. Mjomba alikuwa kwenye mstari, ngazi ya tatu kutoka chini. Goti lake lilikuwa limefungwa kitambaa juu ya suruali.

Karai lilipofika kwa mtu aliyekuwa chini yake, mtu huyo hakumpa. Alijinyoosha akampita, akampa aliye juu. Karai la pili vile vile. Ilikuwa kazi mara mbili kwao, maana karai la zege ni zito na kujinyoosha nalo juu ya kichwa cha mtu ni hatari, lakini walifanya hivyo kila mara bila neno. Na kila mara mjomba alitoa mikono yake miwili. Karai lilikuwa linapita mbele ya kifua chake na yeye mikono ameitandaza, tayari.

Nilisimama pale na tableti. Msimamizi wa mjengo alikuwa ananijibu maswali na macho yake yakiwa kwenye ngazi ile ile. Yeye ndiye aliyekata pesa, na hakuna aliyemnyima kitu. Nilimuuliza kama kuna wafanyakazi wanaolipwa chini ya bei ya kawaida. "Hakuna," alisema. "Hapa ni sita, wote." Nikaandika sita.

Karibu saa sita mchana mjomba aliishusha mikono. Alishuka ngazini taratibu, akivuta mguu, akakaa juu ya mfuko mtupu wa simiti. Nafasi yake ilipozibwa, mstari ulikwenda kasi zaidi. Jioni msimamizi alimwambia asirudi kesho, kwamba hataki zogo kwenye jengo lake.

Hayo ya jioni niliyasikia kwa mama. Mimi niliondoka kabla ya saa saba, pamoja na kundi, kwa sababu tulikuwa na jengo lingine Riruta.

Mwisho wa mwezi tulikaa ofisini kusafisha namba. Mkuu wetu alizirusha ukutani kwa projekta, mtaa baada ya mtaa. Alipofika Gatina alisimama.

"Hii ya nne hamsini ni ya nani?"

"Ni yangu."

"Inachafua wastani. Wote sita, mmoja nne hamsini? Hata msimamizi amesema sita kwa wote." Alinigeukia, bila ubaya wowote. "Ulimsikia vizuri?"

Mtu mwenye shaka na kila kitu alipaswa kuwa na jibu hapo. Nilipaswa kusema kwamba nilimsikia, na wenzake walisikia, na kwamba namba hiyo moja ndiyo iliyosema kweli kuhusu anachopata mtu wa mkono mwili ukianza kukataa. Lakini ili kuitetea ningelazimika kusema nimejuaje. Nikasema, "Huenda sikumsikia vizuri."

Aliifuta. Safu ya Kawangware ikawa nzuri, sita juu hadi chini.

Jumapili iliyofuata, baada ya kanisa, nilimtembelea mjomba chumbani kwake Gatina. Nilinunua mkate na majani ya chai, vitu vya mtu mwenye hatia. Alinipa kiti, yeye akakaa kitandani akiwa ameunyoosha mguu. Nilikuwa nimepanga maneno njia nzima kutoka Kibera.

"Anko, ile siku..."

"Chai ina tangawizi," alisema. "Uliacha kunywa tangawizi ama bado?"

"Nakunywa."

Alinimiminia. Kisha akauliza swali alilokuwa akingoja kuliuliza. "Ile namba yangu. Iliwasaidia?"

Niliangalia chai. "Sana," nilisema. "Iliwasaidia sana."

"Basi vizuri." Alionekana kweli amefurahi, na hicho ndicho nisichoweza kukisahau. "Nilijua kama ni ofisi ya ukweli wataitumia. Sasa bwana mkubwa, wewe una karatasi ya mitaa yote. Niambie, wapi wanalipa vizuri mtu kama mimi?"

Nilitoa simu nikafungua jedwali. Lilikuwa na mitaa, kaunti, fundi, mtu wa mkono. Hapakuwa na safu ya goti. Nilimsomea upande wa Kibera, mia saba. Nilimsomea mji wa nyumbani kwao huko Magharibi, ambako bei ilikuwa karibu nusu ya hiyo. Alisikiliza akiitikia kwa kichwa kama mtu anayechagua kweli.

"Kibera si mbali," alisema. "Natembea."

Sikumwambia kwamba mia saba ni ya watu wanaopanda ngazi. Nilijiambia kwamba ni heri ajaribu. Ukweli ni kwamba nilitaka namba yangu moja imfae, hata moja.

Jumanne alfajiri alikuja kwetu kwa miguu kutoka Gatina. Nilimpeleka mwenyewe, tukapita Toi wafanyabiashara wakifungua marobota, hadi kwenye geti moja la mabati nililowahi kufanyia utafiti. Nilikuwa nimevaa shati langu la ofisini, mkataba ulikuwa umekwisha lakini sikuwa na shati lingine zuri, na viatu vyangu vya ngozi. Watu walikuwa kama thelathini hivi. Mdomo wao alikuwa mwanamume mfupi mwenye kofia ya sufu.

"Niaje mzee."

"Poa."

"Unatafuta mkono?"

"Ndiyo."

"Nani anakujua hapa?"

Mimi nilikuwa hatua mbili kutoka kwake. Mjomba hakunigeukia. Alisema, kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtu aliyeambiwa mapema ajibu nini, "Hakuna."

Alikuwa amenipa njia ya kuondoka. Nilichohitaji ni kunyamaza tu, na kunyamaza nilikuwa na mazoezi nako.

"Mimi namjua," nilisema. "Ni mjomba wangu. Ndiye aliyenisomesha."

Kundi liligeuka. Mtu mmoja nyuma alisema, "Huyu si ni yule wa maswali?" Wachache walicheka. Mwenye kofia aliniangalia kuanzia kwenye viatu, akapanda polepole hadi usoni.

"Na wewe," akauliza, "nani anakujua hapa?"

Hakuna aliyejibu. Nilisikia mabati ya geti yakigongwa kutoka ndani. Kisha mjomba akainua mkono wake, wote, hadi juu ya bega, na mara hii hakuushusha.

"Mimi," alisema.

Siku hiyo hawakumchukua. Mwenye kofia alisema kwa heshima kwamba mtu asiyejulikana hawezi kumjulisha mwingine, kisha geti likafunguka, akataja mia saba, na wote wakaingia. Tulibaki mimi na mjomba nje, na mama mmoja aliyekuwa anakaanga mandazi kwa ajili ya watu wa mjengo. Mjomba alitaka kununua mawili. Nilitoa pesa kabla yake. Alizikataa, akalipa yeye.